Bulaya Nyuma ya Migomba

Kwa miaka mingi jirani yetu Karani alikuwa Bulaya, na kila asubuhi nilimpelekea maziwa.

Nilipita uani kwake, nikamwamkia mke wake, nikazunguka migomba. Huko nyuma, mahali walipokuwa wakifungia ndama zamani, palikuwa na kibanda cha udongo chenye dirisha moja dogo lililozibwa kwa fito. Hiyo ndiyo ilikuwa Bulaya, Ulaya yetu. Nilipogonga fito, sauti ilitoka ndani, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Kiliya, mbele yako iko nani?"

Kiliya ni mteja. Alituita wote hivyo, hata padri. Nilijibu kwamba mbele yangu hakuna mtu.

"Basi iko zamu yako. Sogea."

Nilisogea hatua moja, ingawa nilikuwa nimeshafika, kwa sababu asiposikia mguu ukisogea hakupokea kitu. Nikammiminia maziwa kupitia kati ya fito, naye akayakinga kwa kikombe, mkono wa pili ukishika kravati, tai yake ya shingoni, ili isilowe.

"Mama iko namna gani?"

"Iko muzima. Anauliza kama Bulaya kuko baridi."

"Mwambie kuko baridi, lakini tunazoea."

Nilirudi kwa njia ileile nikamfikishia Mama Karani ujumbe huo. Alikuwa amesikia kila neno, maana alikuwa akipepeta maharage upande wa pili wa migomba. Hata hivyo alingoja nimalize, akatikisa kichwa na kusema, "Masikini. Mbali vile."

Nitaeleza ilivyotokea, lakini si sasa, kwa sababu anayeanzia hapo atadhani Karani alikuwa na kichaa. Hakuwa na kichaa. Alikuwa na utaratibu. Hayo ni mambo mawili, ingawa kwa mbali yanafanana.

Nilipomfahamu vizuri alikuwa karani wa shamba la pareto upande wa Lushebere, na kwenye mlima wetu yeye peke yake ndiye aliyevaa viatu siku zisizo za misa. Mwenye shamba alikuwa mzungu mnene aliyecheka upesi. Siku moja alitazama kazi ya Karani, akacheka, akamwambia kwamba mtu kama yeye mahali pake ni benki, tena benki ya Bulaya. Kisha akaenda kula. Nadhani alisahau maneno yake kabla hajafika mezani. Karani hakuyasahau mpaka alipozeeka.

Aliulizauliza. Akaambiwa kwamba benki za Bulaya hazichukui mtu kwa kumpenda. Kuna konkuru: wanakaa watu wengi, wanaulizwa maswali, anachukuliwa wa kwanza. Mtu mwingine angekata tamaa. Karani alirudi nyumbani akamwambia mkewe waanze kujizoeza.

Alianza na baridi. Kwetu Masisi baridi haikosekani. Asubuhi ukungu unalala juu ya ng'ombe, unawasikia tu wakitafuna. Karani alisema hiyo ni baridi ya watoto. Alishuka mtoni kabla ya kazi, akakunja suruali, akasimama ndani ya maji akiwa na kravati shingoni, akisoma hesabu za kuzidisha kwa sauti. Wanawake waliokwenda kuteka maji walizoea kumzunguka kama unavyozunguka jiwe.

"Karani, utakufa na mafua," mmoja alimwambia.

"Bulaya mafua iko kazi ya kila siku, mama. Afazali nianze."

Kisha akajizoeza kutosalimia. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba katika miji ya Bulaya watu wanapishana bila salamu, na anayesalimia anajulikana mara moja kuwa mgeni. Hilo lilimtesa kuliko maji. Asubuhi alipita mbele ya kina mama waliokaa vibarazani, shingo imesimama, macho mbele, kimya. Alipofika kwenye kona alishindwa. Alizunguka kwa njia ya shambani, akatokea tena nyuma ya nyumba zao, akawasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, za migomba, za goti. Kwa hiyo mtu huyu aliyekuwa akijifunza kutosalimia alichelewa kazini kwa sababu ya salamu kuliko mtu yeyote mlimani.

Na zilikuwepo konkuru zake. Jumapili baada ya misa alijifungia, akajitungia maswali, akayajibu, akajisahihisha kwa ukali. Kisha alitoka nje na kututangazia matokeo.

"Nimekuwa wa pili," alisema.

"Wa kwanza ni nani?" mkewe aliuliza.

"Bado hatumujui. Lakini iko."

Kila Jumapili akawa wa pili. Mama Karani alimwambia kwamba mtu anayeshindana peke yake hana namna ya kuwa wa pili. Alijibu kwamba hayo ni mawazo ya watu wasiojua mambo ya benki. Wa kwanza hutoka mahali usipopatazama, na anayedhani yuko peke yake ndiye anayeanguka. Nilikuwa mtoto wakati huo, na maneno hayo yaliniogopesha. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mahali fulani kwenye milima yetu kuna mtu mwingine mwenye kravati.

Jambo moja tu hakulihesabu Karani: ng'ombe. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa kinywa, maana ukisema idadi yao unawapunguza. Mzungu alimtuma siku moja akahesabu ng'ombe wa shamba. Akaenda, akashinda huko, akarudi.

"Basi?" mzungu aliuliza.

"Wako, Bwana."

"Wangapi?"

"Wote."

Mzungu aligonga meza. Karani alisimama palepale, mikono nyuma, akakubali kutukanwa. Baadaye tulimuuliza atafanyaje kazi ya benki kama kuna vitu hahesabu. Akasema hesabu nayo ina adabu yake, na kwamba kule Bulaya pia lazima kuna kitu wasichokihesabu, ila bado hajaambiwa ni kipi.

Sasa nifike kwenye safari. Niseme kwanza kwamba wakati huo wazazi wetu walikuwa wameshakufa, baba akitangulia, mama akifuata kabla mahindi aliyoyapanda hayajakomaa. Mimi nilikuwa mkubwa. Niliacha shule na kitabu cha kusoma kikiwa katikati, nikabaki na wadogo watatu na ng'ombe wa baba. Tulikamua, tukauza maziwa, tukaishi. Nilichukuliwa kuwa mtu mzima kwa sababu hapakuwa na mwingine, na ndiyo maana siku Karani alipoaga, maziwa ya njiani nilimimina mimi.

Ilikuwa imesikika kwamba Kisangani kuna benki inayofanya konkuru, na wa kwanza anapelekwa Bulaya. Sijui habari hiyo ilitoka wapi. Karani aliacha kazi ya pareto, akafunga valizi yake ya nguo, na mlima mzima ukapika pombe ya ndizi.

Kwenye mlima wetu anayekwenda mbali husindikizwa mpaka juu ya mgongo wa mlima. Hapo anapewa maziwa mbele ya watu wote, na kabla ya kunywa anasema kwa sauti anakokwenda. Nyumbani kwake kigoda chake kinapinduliwa, miguu juu. Siku akirudi, aliyemmiminia maziwa anaulizwa kama mtu huyu alifika alikosema, na kama alifika, kigoda kinageuzwa, anakaa. Asiyefika hageuziwi. Si kwa kumchukia. Wazee wetu walisema ukimgeuzia kigoda aliyekatiza njia, wote wa mlima wenu walio mbali nao watakatiziwa njia. Wakati huo kila nyumba ilikuwa na kijana kwenye machimbo au kwenye jeshi, kwa hiyo hapakuwa na mama aliyelichezea jambo hilo.

Karani alishika kikombe cha maziwa, akanyoosha kravati.

"Naenda mbali na kwetu," alisema, "mahali batu wasionijua watasimama mulongo mbele ya dirisha yangu, na mi nitawapokea mumoja mumoja!"

Mulongo ni mstari wa watu wanaongoja zamu. Kati yetu hakuna aliyewahi kuuona, lakini tulipiga makofi. Koko mmoja, bibi kizee ambaye wanawe wawili walikuwa kwenye machimbo, aliinua fimbo yake na kujibu kwa niaba ya mlima: "Tumesikia."

Akanywa. Akateremka upande wa Walikale, bila kugeuka.

Alirudi msimu wa mvua ulipokaribia kwisha, valizi kichwani, viatu mkononi. Haya aliyopatwa nayo aliniambia mwenyewe baadaye, kupitia fito, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti.

Alifika Walikale kwa miguu. Hapo kamyo zinazotoka upande wa Hombo zilisimama, zikapakia watu na mizigo, zikaendelea Kisangani. Kamyo ya kwanza ilipofika, watu waliirukia kutoka pande zote, magunia yakitupwa juu ya vichwa, kuku wakilia. Karani alisimama pembeni akiwa na valizi yake.

"Papa, panda!" boi wa kamyo alimwita.

"Mulongo iko wapi?"

"Mulongo ya nini? Panda, tunaenda!"

"Mbele yangu iko nani?"

"Mbele yako iko kamyo, Papa!"

Kamyo ikaondoka. Karani alikuwa amejizoeza miaka mingi kwa nchi ambayo mtu hapiti kabla ya zamu yake, na hakutaka kuiharibu siku ya kwanza. Akasimama mahali alipoona mstari ungefaa kuanzia, nyuma ya mtu ambaye hakuwepo, akangoja. Kamyo ya pili ilikwenda, na nyingine baada yake. Wenyeji wa Walikale walileta wageni wao kumtazama. Mama mmoja aliyeuza ndizi alimuuliza, "Papa, unangoja nani?"

"Ule wa mbele."

"Na asipokuya?"

"Basi hata mi siwezi kufika kabla yake."

Mwishowe mavazi yalianza kuoza kwa unyevu wa msitu, akarudi. Nilipomuuliza kama hakuona aibu kuachwa na kamyo, alikasirika. "Sikuachwa, kiliya. Ni mulongo njo haikufika."

Siku hiyo ya kurudi alisimama nje ya ua wake mwenyewe. Mkewe alikuwa mlangoni. Watu walitoka majumbani, na Koko akaja mbele na fimbo yake, akanitafuta kwa macho, akaniuliza kama nilivyopaswa kuulizwa.

"Weye ulimumiminia maziwa. Alifika?"

Nilimtazama Karani. Yeye mwenyewe alitikisa kichwa.

"Hakufika, Koko," nikasema.

Mvua ilianza kudondoka. Mama Karani alijifuta mikono kwenye kitenge, akaangalia watu, akamwangalia mtu wake na viatu vyake mkononi.

"Bwana yangu iko Bulaya," alisema. "Kama huyu njo yeye, basi Bulaya lazima ikuwe mahali fulani. Nyuma ya migomba kuko kibanda ya ndama. Haina mutu."

Koko alifikiri. "Kigoda?"

"Kigoda hatukigusi."

"Basi akae Bulaya," Koko akasema, na watu wakaenda kujikinga mvua.

Ndivyo ilivyoanza, na nashangaa jinsi tulivyoizoea haraka. Watoto waliotumwa kwake walisema wanakwenda Bulaya, wakarudi wakisema Bulaya kunanyesha. Jumapili padri alipowaombea "walio safarini," kanisa lote liligeuka na kumtazama Karani, aliyefika kwa njia yake ya nyuma, naye aliinamisha kichwa kwa shukrani. Chakula mkewe alikipitisha dirishani. Mkewe hakuingia humo, na Karani hakutoka akavuka migomba, kwa sababu nyumba ya kigoda kilichopinduliwa haiingiwi na mwenye kigoda. Aliitengeneza ile gishe, ndilo jina la dirisha kama hilo benki, akaongeza fito, na watu wakaanza kumwekea vitu vyao: mbegu za maharage, jembe la ziada, mkufu wa arusi uliogombaniwa na dada wawili wa tumbo moja. Hakupoteza hata mbegu. Ila ukienda kuchukua jembe lako, ilikubidi usimame, usogee, uulizwe kama wewe ni wewe.

"Karani, tumekuwa pamoja jana!" watu walilalamika.

"Jana ulikuwa wewe. Nauliza leo."

Niwaambie kwa nini sikuwahi kumcheka. Baba zetu wadogo walikuja kutoka upande mwingine wa mlima, watatu, na fimbo na kamba. Walikuwa wameamua kugawana ng'ombe wa baba, na sisi watoto pia, mmoja huku, mmoja kule, maana msichana hawezi kulea. Niliwaambia hatugawanyiki. Mkubwa wao akasema sikuulizwa. Nilikimbilia upande wa pili wa migomba, nikamwambia Karani kupitia fito, nikilia.

"Kiliya, usilie kwenye gishe. Bale ngombe, baba yako aliwaweka wapi?"

"Wako zizini kwetu."

"Hapana. Aliwaweka benki. Waambie wakuye hapa."

Walikuja wakiwa na hasira, wote watatu mbele ya dirisha. Karani aliwangoja. Walipiga kelele mpaka wakachoka, ndipo akauliza kwa upole nani yuko mbele ya nani. Waligombana juu ya hilo muda mrefu, maana mkubwa alikuwa mkubwa lakini wa kati ndiye aliyefika kwanza. Walipopangana, Karani akasema:

"Sogea. Unataka nini?"

"Ngombe za ndugu yetu!"

"Mwenye kuweka njo mwenye kutoa. Aje yeye mwenyewe."

"Alikufa! Wewe ulikuwa kwenye maziko!"

"Pole sana. Basi akuye aseme vile mwenyewe, tutaandika kwamba alikufa. Wa nyuma yake, sogea."

"Iko mujinga huyu! Toka nje tusemezane!"

"Siwezi kutoka. Siko hapa. Niko Bulaya."

Baba mdogo alimgeukia Koko, aliyekuwa amekuja kutazama kama wengine. Koko akathibitisha kwamba ni kweli, mtu huyu hayupo, mlima wote unajua. Wale watatu walisimama kwenye mvua wakitafuta namna ya kumpiga mtu ambaye hayupo, na ya kugawana ng'ombe waliowekwa benki, ambao hakuna anayeruhusiwa kutaja idadi yao. Jioni walifungua kamba zao, wakarudi kwao. Wadogo zangu walibaki nami. Mpaka leo, mtu akiniuliza benki ni nini, nakumbuka siku ile.

Lakini dirisha lile lilikuwa na upande wake wa uchungu. Mama Karani aliugua homa, akalala siku nyingi hajui mtu. Karani alifika kwenye mstari wa migomba, mahali mpaka ulipokuwa, akasimama hapo mvuani. Niliingia na kutoka nikibeba maneno yake.

"Mwambie anywe maji moto."

"Amekunywa, Papa."

"Mwambie afunike miguu. Mwambie... anasema nini?"

"Anauliza kama umerudi."

Alishika mgomba. Kravati ilikuwa imelowa, na hakuishika. Mguu wake mmoja ulivuka mpaka, nikauona, ukarudi. Mlangoni kwa jirani wa pili kulikuwa na mama akiangalia, aliyekuwa na mtoto jeshini.

"Mwambie bado," Karani akasema.

Mkewe alipona. Siku ya kwanza alipoketi uani juani, nilipeleka maziwa Bulaya kama kawaida. Karani aliyapokea, akakaa nayo bila kunywa.

"Kiliya," alisema, "hii Bulaya iko karibu sana."

Kesho yake nikagonga fito, hakuna aliyeniuliza mbele yangu iko nani. Kila kitu cha watu kilikuwa kimepangwa chini ya dirisha, jembe na mbegu na mkufu, kila kimoja mahali pake. Valizi haikuwepo. Hatukumsindikiza, kwa sababu kwa safari ile tulikuwa tumeshamsindikiza.

Wadogo zangu walikua. Mmoja alioa, mwingine akaenda kwa masista kujifunza uuguzi, na yule wa mwisho alibaki na ng'ombe, ndipo mimi nikaanza biashara. Nilipanda kamyo na siagi na maharage mpaka Walikale, nikarudi na mawese. Sikuwa namtafuta Karani. Tulidhani yuko Kisangani, au mbali zaidi. Mama Karani alikuwa bado ananiuliza, kila nilipotoka safarini, kama Bulaya kuko baridi.

Siku moja nilishuka Walikale mahali kamyo za Kisangani zinaposimama, nikaona kitu ambacho hakikuwahi kuwepo pale. Watu walikuwa wamesimama nyuma ya wenzao. Mstari ulionyooka kama kamba, katika joto la msitu: wanaume na kuku wao, kina mama na magunia, hata askari mwenye bunduki, anangoja. Nilimuuliza boi wa kamyo nini kimetokea.

"Ee, mama, ni ule mzee," alisema. "Alikuyaka akasimama hapa, peke yake, siku na siku. Tulimucheka. Siku moja muntu akasimama nyuma yake, alifikiri kuko chumvi inagawanywa. Mwingine akaona bale wawili, naye akasimama. Vile tu. Sasa patron ya kamyo alimujengea gishe."

Niliweka siagi yangu chini, nikasimama mwisho. Tulisogea. Mbele kulikuwa na kibanda cha mbao na dirisha la fito, na nyuma ya fito kravati niliyoijua, ingawa rangi yake ilikuwa imekwisha. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu. Hakuinua uso.

"Kiliya, mbele yako iko nani?"

"Hakuna, Papa. Nilikuletea maziwa miaka mingi, sijawahi kukuta mutu mbele yangu."

Akainua uso. Alikuwa amezeeka sana. Alitazama nyuma yangu kwanza kama mstari umenyooka, kisha akanitazama mimi.

"Mama iko namna gani?"

"Iko muzima. Anauliza kama Bulaya kuko baridi."

Alipanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Rudi kwenu, Papa," nikasema.

"Sikufika, mutoto yangu. Hapa iko Walikale tu. Batu ya kwetu wanakuya hapa kununua mawese."

"Juu ya mulima ulisema nini? Sema tena."

Alijua maneno yake kwa moyo. Aliyasema polepole, mbali na kwetu, watu wasionijua, mulongo mbele ya dirisha yangu, na alipofika hapo sauti ilipungua. Niligeuka nikawauliza walio nyuma yangu kama kuna anayemjua mtu huyu, jina lake, kwao, mke wake. Walitazamana.

"Sisi hatumujue," askari alisema. "Tunasimama tu."

"Bulaya hukuitaja," nikamwambia Karani. "Nilikuwa nimeshika kibuyu, nilisikia. Ulifika."

Watu nyuma yangu walianza kunung'unika. Kisha alisimama, akachukua valizi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilidhani anakuja kwangu. Alinipita, akapita mbele ya watu wote bila kusalimia, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

"Papa, unafanya nini?" boi alipiga kelele.

"Nataka nafasi ya Masisi. Kuko batu mbele yangu."

Gishe ilikuwa tupu. Mstari haukuwa na wa kuupokea, na Karani ndiye aliyekuwa anauzuia, kwa kungoja ndani yake. Watu walimwomba arudi. Alisema hawezi kupita mbele ya wengine. Nilimjua. Angesimama pale mpaka kamyo zioze. Kwa hiyo niliingia mimi kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kiti chake, nikawapokea mmoja mmoja, askari, kuku, magunia, mpaka akafika dirishani.

"Kiliya, mbele yako iko nani?"

"Hakuna tena."

"Basi sogea."

Alisogea hatua moja, ingawa alikuwa ameshafika.

"Unaenda wapi?"

Aliweka valizi chini.

"Kwangu," alisema.

Koko alikuwa bado hai, haoni vizuri, ameshikwa mkono. Mwanawe mmoja alikuwa amerudi kutoka machimboni na wa pili bado, kwa hiyo hakulegeza kitu. Aliniita mbele ya watu.

"Alifika?"

"Alifika, Koko. Nilisimama mulongo yeye mwenyewe akinipokea."

"Mulongo ilikuwa murefu?"

"Murefu. Na ndani yake kulikuwa askari, anangoja kama wengine."

Koko aligeuza fimbo mikononi, akafikiri juu ya askari yule.

"Basi tumesikia," akasema.

Tuliingia uani. Kigoda kilikuwa palepale kando ya moto, miguu juu, na kuku alikuwa amezoea kutagia kati ya miguu hiyo. Mama Karani alimwondoa kuku, akaweka yai kando. Hakukigeuza bado. Alimtazama mtu wake, viatu, valizi, kravati.

"Bulaya kuko baridi?"

Karani alifungua kravati. Sikuwahi kumwona akiifungua. Akajifuta nayo shingo, mbele yetu sote.

"Hapana, mama," alisema. "Walitudanganya. Kuko joto sana."

Mama Karani akageuza kigoda.